Wimbo Ule Una Wenyewe

Hapa kijiweni nyimbo zinamilikiwa kama viwanja vya pembezoni mwa jiji: kiwanja kimoja, wenyewe watatu, na kila mmoja ana karatasi yake ya serikali ya mtaa, imegongwa muhuri. Dereva mstaafu anasema "Breezin'" ni wimbo wake, kwa kuwa ndio uliokuwa ukilia ndani ya basi siku alipomwona mama watoto kwa mara ya kwanza, amekaa siti ya nyuma ya dereva, kapakata kikapu cha dagaa. Fundi redio anasema ni wake, kwa kuwa ameusikia ukitoka kwenye spika zilizopasuka kuliko binadamu yeyote wa Kinondoni. Mzee wa drafti hasemi kitu. Anasogeza kizibo cha soda, anakula kete mbili, anatikisa kichwa kwa huruma, maana kwa hesabu zake wimbo ni wake tangu sisi wengine tuko kaptula.

Na mimi nasonya. Mfyuu! Nasonya kwa sababu wimbo ni wangu.

Kwa asiyeujua: ni ala tupu, haimbi mtu. Rithimu inaanza kutekenya, besi inakanyaga taratibu, halafu gitaa la George Benson linaingia bila haraka yoyote, linasema jambo moja fupi, linalirudia, linaliongezea chumvi kidogo, linalirudia tena. Baadaye violini zinapanda nyuma yake. Kwa dakika tano na ushei hakuna kinachotokea, na hutaki kitokee. Ulitoka mwaka 1976 kwenye albamu yenye jina hilohilo, kampuni ya Warner Bros. Hata kama jina hulijui, umeshausikia: sebuleni mwa hoteli, kwenye harusi wakati watu wanapakua pilau, au kwenye simu ya shirika fulani nisilolitaja, pale unapoambiwa subiri, mhudumu atakuja, na haji.

Ugomvi aliuleta kijana wa bodaboda. Huwa anaegesha chini ya mkungu wetu akisubiri abiria, na ana spika ndogo yenye taa za rangi. Kawaida yake ni singeli, na sisi kawaida yetu ni kulalamika. Jana simu yake ikajichagulia yenyewe, sijui ilipata wapi busara, gitaa hilo likatoka.

"Dogo! Acha hapohapo!" dereva akapiga kelele mpaka muuza kahawa akamwagia nje ya kikombe.

"Shikamooni wazee. Kumbe na nyinyi mna vibao vyenu?"

"Marahaba. Usiguse."

Akatuacha tusikilize, kisha akauliza swali la kitoto kabisa. "Huu wa nani?"

"Wangu!" Watu watatu kwa mpigo.

"Nauliza aliyeutunga."

Kimya. Nasema kimya kile ambacho unasikia makaa yanavyopasuka chini ya birika la kahawa. Dereva akajikohoza. "Benson," akasema.

"Benson kaupiga," nikamwambia. "Aliyeutunga ni mtu mwingine."

Wakanitazama kama nimemtukana marehemu. Basi nikakaa sawa, nikaagiza kahawa ya pili na kashata, nikawapa darasa ambalo hawakuliomba.

Aliyeutunga ni Bobby Womack, mtoto wa Cleveland, aliyezaliwa 1944. Wengi wanamjua kwa kuimba, sauti ile ya kukwaruza ya mtu aliyetoka kanisani akapotelea baa. Lakini alikuwa mpiga gitaa kabla ya yote, aliyempigia Sam Cooke. Na alikuwa mwenye mkono wa kushoto. Sasa sikilizeni: gitaa alilishika akaligeuza tu chini juu, nyuzi zikabaki zilivyofungwa kwa watu wa mkono wa kulia. Yaani uzi mwembamba uko juu, mnene uko chini. Fundi redio akaacha kutafuna. Yeye aliwahi kupiga besi kwenye bendi ya shule, anajua maana yake.

Huyuhuyu Womack ana kisa kingine ambacho kinafaa kusomwa kwenye kila mkutano wa wagombea viwanja. Akiwa kijana mdogo aliandika pamoja na shemeji yake wimbo unaoitwa "It's All Over Now". Mwaka 1964 wakaja Wazungu wa Uingereza, Rolling Stones, wakauchukua wakaurekodi, ukawa wimbo wao wa kwanza kushika namba moja kwao. Womack mwenyewe alisimulia miaka ya baadaye kwamba alikasirika, akataka waambiwe watafute wimbo wao. Kisha malipo ya mtunzi yakafika, akaona tarakimu, akawa hana tena tatizo na Rolling Stones.

"Huyo ana akili," akasema muuza kahawa.

Ana akili, lakini tusiende mbali. "Breezin'" haukuanzia kwa Benson. Aliyeurekodi kwanza ni Gábor Szabó, mwaka 1971, kwenye albamu ya "High Contrast", na Womack mwenyewe yumo humo akimpigia gitaa la kusindikiza. Szabó ni nani? Mhangari. Amezaliwa Budapest mwaka 1936. Hapo mzee wa drafti akainua uso kwa mara ya kwanza. "Mhangari na jazi wapi na wapi?"

Hapo ndipo nilipomkamata. Nikamuuliza: "Mzee, wewe jazi uliisikia wapi kwa mara ya kwanza?" Akasema kwenye redio ya mbao ya baba yake mdogo, usiku, masafa mafupi, Sauti ya Amerika, kuna mtu alikuwa anazungumza Kiingereza pole pole kabisa mpaka asiyekijua anakielewa. Naam! Mtu huyo ni Willis Conover. Kipindi chake cha jazi kilianza 1955, akakiendesha kwa miaka arobaini na kitu, hadi alipofariki 1996. Kwao Marekani karibu hakuna aliyemjua, maana redio ile haikuwa ya kuwatangazia Wamarekani. Sisi wa nje ndio tuliokuwa tukikaa naye gizani, mkono kwenye kinobu, tukiikimbiza stesheni inayoteleza. Na Szabó naye, kule Budapest, ujana wake chini ya serikali ya kikomunisti, jazi aliipata kwenye hiyohiyo Sauti ya Amerika. Mwaka 1956, nchi ilipowaka moto, akatoroka, akafika Marekani, akasoma chuo cha Berklee mjini Boston, akapiga na Chico Hamilton. Wimbo wake mmoja, "Gypsy Queen", Santana aliuunganisha na "Black Magic Woman" mwaka 1970, na nyinyi mmeucheza bila kujua kwamba mnacheza na Mhangari.

Mzee wa drafti akarudia kuutazama ubao wake, lakini niliona amepatwa. Si jambo dogo kuambiwa kwamba kumbe ulikuwa darasa moja na mtu wa Budapest.

Sasa anaingia mtu wa tatu ambaye hata kwenye picha hayupo: Tommy LiPuma, mtayarishaji. Rekodi ya Szabó aliisimamia yeye. Miaka mitano baadaye Benson akahamia Warner Bros., na mtayarishaji aliyekabidhiwa ni LiPuma huyohuyo. Kwa hiyo wimbo haukuanguka kutoka mbinguni. Kuna mtu aliutunza kichwani, akajua upo, akajua haujafika mwisho wake. Januari 1976 wakaingia studio za Capitol, Hollywood, wakarekodi siku chache tu, watu wote chumbani, wanatazamana.

Nataka nikae hapo chumbani kidogo. Ngoma anapiga Harvey Mason. Besi Stanley Banks. Vinanda viko viwili, kimoja kwa Ronnie Foster, kingine kwa Jorge Dalto, Muargentina. Tumba na makorokoro mengine ya kugongwa ni ya Ralph MacDonald. Na rithimu? Rithimu ni Phil Upchurch, wa Chicago.

Nikawauliza wenzangu: nani hapa aliwahi kulisikia jina la Phil Upchurch? Hakuna. Lakini wote, bila kutunga, wanaweza kuimba kipande chake kwa mdomo, cheke-cheke-che, kwa sababu ndicho kinachoufanya wimbo utembee. Mkimwondoa Upchurch pale, Benson atabaki anapendeza peke yake, kama... hapana, nimekatazwa na muuza kahawa kutoa mifano, anasema mifano yangu inamchelewesha kuuza. Niseme tu kwamba sisi watu wa huku tungepaswa kulijua hilo kuliko wengine wote. Muziki wetu umejengwa juu ya mgawanyo huo: solo, solo ya pili, rithimu, besi. Mtu aliyekulia kwenye Western Jazz na Saboso yao, au NUTA na Msondo wao, anajua kwamba anayepiga rithimu ndiye anayechelewa kupata mchumba, na ndiye anayeibeba bendi. Upchurch hakuja na gitaa tu. Kwenye albamu hiyo kuna wimbo wake pia, "Six to Four". Ronnie Foster naye ana wa kwake, "Lady". "Affirmation" ni wa José Feliciano. Nyimbo sita zote, na karibu kila mmoja ana baba yake tofauti. Violini zikaja kuongezwa baadaye, zimepangwa na Mjerumani, Claus Ogerman. Kwenye mtambo wa kurekodia alikaa Al Schmitt, na Grammy ya ufundi wa kurekodi wakampa.

"Sasa wewe," akasema dereva, "unatuhesabia mafundi wakati sisi tunazungumzia mapenzi."

Ndiyo ugonjwa wenyewe huo! Mfyuu. Mtu anakumbuka kikapu cha dagaa, gitaa limemponyoka.

Ng'ambo ya barabara kuna mama anayeuza vitumbua. Huwa anatusikia, hata tunapodhani tunanong'ona. Akaja kuchukua makaa, akasema, "Baba zangu, wimbo wenyewe hauna hata neno moja. Mnagombania nini?"

Sikumjibu, maana alikuwa ameshasema. Wimbo wenye maneno una mlinzi mlangoni. Ukiimba kuhusu Asha, mwenye mke Zuhura anasitasita kuingia. Huu hauna mlango wala mlinzi. Dereva kaingia na dagaa wake, fundi kaingia na spika zake, na mimi nimeingia na jogoo.

Jogoo, ndiyo. Nawaeleza, na mcheke mkimaliza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kaka yangu mkubwa alikuwa na rafiki baharia. Nyakati zile muziki wa nje haukuwa na njia pana ya kuingilia. Mwishoni mwa 1969 mkoa ulishawahi kupiga marufuku muziki wa soul katika madansi ya Dar es Salaam, wakisema unaharibu vijana, na Radio Tanzania kwa miaka mingi masikio yake yalikuwa kwa bendi za nyumbani. Silalamiki, kwa sera hiyo tumepata hazina ambayo majirani wanaionea wivu. Lakini aliyetaka Benson ilibidi amfahamu mtu aliyemfahamu mtu, na huyo wa mwisho awe amepanda meli. Baharia akaja na kaseti, akasema haiachi, anaondoka nayo keshokutwa.

Redio kaseti ya kaka ilikuwa na deki moja. Basi akaazima nyingine, akaziweka juu ya meza ya chakula zikitazamana, moja inapiga, nyingine inarekodi kwa kimaikrofoni chake kidogo cha mbele. Madirisha yakafungwa. Watoto tukaambiwa atakayekohoa ataipata. Nikakaa kimya, nimejiziba mdomo kwa viganja viwili, natazama kanda inavyozunguka. Mwisho wa upande wa kwanza ukaja wimbo huu. Gitaa likasema jambo lake mara moja, mara mbili. Violini zikaanza kupanda. Na hapo hapo, jogoo wa jirani, ambaye hakuwa amealikwa, akawika. Akawika vizuri, mkunjo mzima, mpaka mwisho. Kaka akashika kichwa. Halafu kutoka uani, sauti ya mama: "Nani kachukua ndoo yangu?"

Hatukuthubutu kujibu. Kanda inaendelea. Gitaa linaendelea. Mama akarudia swali, sasa akiwa karibu zaidi na mlango. Kisha, kla! Upande ukaisha, wimbo ukiwa bado katikati ya raha zake.

Hivyo ndivyo nilivyoujua miaka yote. Gitaa, gitaa, violini, jogoo, ndoo, gitaa, kla. Niliusikiliza hivyo mpaka nikawa najua jogoo anaingia kwenye mpigo wa ngapi. Kaseti ikiliwa na mashine tulikuwa tunaitoa kwa upole, tunaizungusha kwa kalamu ya Bic mpaka utepe unanyooka, na mikunjo ikabaki kusikika kama kigugumizi, nayo ikawa sehemu ya wimbo. Siku nilipousikia mzima kwa mara ya kwanza, kwenye santuri ya mtu, nilishangaa kwamba baada ya pale kuna wimbo mwingine mrefu tu mbele, Benson anapandisha, anacheza na nyuzi mbili mbili, na hakuna kinachokatika. Nikaona ni kama wameongeza. Na jogoo hayupo! Nilikaa nikimsubiri mahali pake, hakutokea, nikahisi nimepunjwa.

Kaseti yenyewe haipo. Kaka, Mungu amrehemu, aliirekodia juu yake mpira wa Simba na Yanga. Alipokumbuka kilichokuwamo, mtangazaji alikuwa ameshafika dakika ya themanini. Mama naye alishatangulia, na sauti yake kwenye mashine yoyote ilikuwa ni ile tu, ya kuuliza ndoo.

Wakacheka, kama nilivyowaruhusu. Mama wa vitumbua hakucheka, alisimama na koleo lake la makaa akauliza, "Na ndoo alikuwa amechukua nani?" Nilikuwa nimechukua mimi. Niliikalia ili nione vizuri.

Kwa hiyo, kwa hati, mimi ninayo kuliko wote hapa. Dereva ana kiti kimoja cha basi. Mimi nina ua mzima. Lakini jogoo ni wangu, ndoo ni yangu, kimya cha chumbani ni changu. Gitaa ni la Benson. Rithimu ni ya Upchurch. Wimbo ni wa Womack, aliyefariki 2014, na sijamsikia mtu hapa akisema alale pema. Tunachukua nyimbo za watu tunazijaza vikapu vyetu vya dagaa, halafu mtunzi akipita barabarani hatumjui hata kwa sura. Na si Womack pekee. Vibao vyetu wenyewe tumevifanya vivyo hivyo. Tunaviita zilipendwa, tunalia navyo kwenye harusi za watoto wetu, kila mmoja anasema "hii ndiyo iliyopigwa mwaka niliomaliza shule". Mbaraka Mwinshehe tunamjua, kwa sababu alikuwa Mbaraka, na kwa sababu alikufa kijana, ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Nyuma yake kulikuwa na watu wamesimama na magitaa yao. Taja watatu. Taja mmoja! Dereva akaanza kuhesabu vidole, akaviangalia, akavirudisha mfukoni.

Kuna na kundi lingine linalonitia hasira, nalo ni la wajuaji. Tunao mmoja, mwalimu wa zamani, anakuja Jumamosi. Huyo akisikia gitaa laini anakunja pua: "Huo si muziki, huo ni wa kwenye lifti." Kwake jazi ni lazima itoe jasho, ukimaliza kuisikiliza uwe na homa. Nami humwambia, mwalimu wangu, huyu Benson unayemwita wa lifti alikuwa kwenye rekodi na Miles Davis mwaka 1968, "Miles in the Sky", nenda kamtafute mle. Huyu ni mtoto wa Pittsburgh aliyefundishwa ukulele na baba wa kambo, ana miaka kumi tayari amerekodi, ujana wake akazunguka na Jack McDuff, mpiga ogani, baa baada ya baa. Vidole vile havikujifunza ulaini kwa sababu vilishindwa ugumu.

Na kabla yake kulikuwa na Wes Montgomery wa Indianapolis. Mchana kiwandani, usiku klabuni, na mazoezi ya nyumbani akayafanya kwa kidole gumba badala ya kipigio, ili majirani walale. Kutoka kwenye adabu hiyo kwa majirani ikatoka sauti ambayo kila mpiga gitaa wa jazi laini anaidai urithi. Wes naye alipoingia studio na violini, 1967, na kupiga nyimbo za Beatles, wajuaji walikunja pua zilezile. Mwaka uliofuata moyo ukasimama, ana miaka arobaini na mitano. Walipomaliza kukunja pua, mwenyewe alikuwa hayupo.

Hilo jina la jazi laini lenyewe limekuja nyuma, limebandikwa na watu wa redio. Februari 1987 kituo kimoja cha Los Angeles kilijigeuza kikajiita The Wave, kikawa kinapiga muziki wa aina hiyo kutwa; Chicago wakafuata mwaka huohuo, New York 1988. Wakawa wanachagua nyimbo kwa kuwapima wasikilizaji, kinachomshtua mtu ofisini kinaondolewa. Ukifanya hivyo kila mwaka unabakiwa na nini? Unabakiwa na maji. New York wakafunga 2008, Chicago 2009. Mwalimu anachokichukia ni maji hayo, na hapo namuunga mkono. Lakini "Breezin'" ilikuwapo zaidi ya miaka kumi kabla ya kituo chochote kujua neno hilo, na mwaka wake albamu yake ilifika namba moja Marekani kwenye chati tatu, ya pop, ya R&B na ya jazi. Kwenye Grammy za 1977 "Breezin'" ikapewa tuzo ya ala tupu ya pop, na wimbo wa "This Masquerade", ambao ndio pekee Benson aliouimba kwenye albamu hiyo, ukawa rekodi ya mwaka. Kichekesho ni kwamba baada ya hapo kila mtu alitaka aimbe tu. Gitaa likawa linasubiri zamu. "Give Me the Night", 1980, tuliicheza madisko yote ya mchana, hakuna aliyeuliza yule anayeimba vile anajua na kazi gani nyingine.

Kijana wa bodaboda alikuwa amesikiliza yote hayo, jambo lililonishangaza, maana abiria wawili walishampungia mkono akawaacha. "Mzee," akaniambia, "huyo Mhangari simu inaye?"

"Mtafute."

Akaandika Szabó bila ile alama ya juu, ikamletea. 1971. Akaongeza sauti. Gitaa likaingia, ni lilelile jambo fupi, limerudiwa vilevile, ila huyu ana mchanga kidogo kwenye sauti, na nyuma yake yupo Womack na gitaa lake la chini juu. Wazee wakainamisha vichwa. Mzee wa drafti akaacha kete mkononi. Mimi nikawa nawatazama nyuso, nasubiri, kwa sababu darasa lote nililitoa kwa ajili ya dakika hiyo.

Dereva akasikiliza mpaka mwisho. Akavuta pumzi. Akasema, "Kajitahidi. Lakini unasikia kabisa kwamba huyu kamuiga Benson."

"Tena kamuiga vibaya," akasema fundi redio.

Nikasonya mpaka kashata ikanitoka mkononi. Nikarudia miaka: 1971, 1976, moja na sita, kipi kinatangulia! Dereva akaniambia nisimpigie kelele, yeye miaka haijui, anachojua ni kwamba wimbo halisi ni ule uliokuwa ndani ya basi. Mama wa vitumbua akadai fedha ya vitumbua vinne ambavyo hakuna aliyekiri kuvila.